Kampuni imelemewa na madeni: je, tufunge ofisi na kunyamaza?

Swali: Habari za kazi, Wakili. Mimi na shemeji yangu tuna kampuni ya kusafirisha mizigo na kuhifadhi bidhaa ghalani hapa Busia, upande wa Uganda. Hisa zangu ni asilimia 60, zake 40. Tangu mteja wetu mkubwa atuache, tunazama. Benki inatudai shilingi milioni 95, nayo imeshika lori moja pamoja na hati ya nyumba yangu ya Tororo. Wafanyakazi tisa hawajalipwa kwa miezi mitatu. Kodi ya mishahara na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iko nyuma. Mwezi uliopita shemeji alihamisha lori jingine likaandikwa kwa jina lake, kufidia milioni 40 alizoikopesha kampuni. Wiki iliyopita wakili wa kituo cha mafuta ametuletea hati rasmi ya kudai. Shemeji anasema tufunge mlango, tunyamaze, msajili atatufuta mwenyewe, kisha tufungue kampuni nyingine. Je, inawezekana? Na nyumba yangu itapona?

Jibu: Dada yangu, kampuni inaweza kufungwa, na wewe unaweza kufanya biashara tena. Lakini njia anayoisema shemeji yako ndiyo itakayotoa madeni ofisini na kuyaleta sebuleni kwako. Na nyumba yako, kwa namna ambayo huenda hamjaipigia hesabu, inaathiriwa na lori lile alilolichukua. Nitafika huko.

Kwanza hiyo hati ya kituo cha mafuta, kwa sababu siku zinakwenda. Tazama tarehe mliyokabidhiwa na uiandike mahali. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inampa mdaiwa siku 20 za kazi kuanzia siku aliyokabidhiwa hati. Zikipita bila kulipa, bila kuelewana na mdai na bila kuiomba mahakama iitengue hati hiyo, kampuni inahesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Kituo cha mafuta kitakuwa na haki ya kwenda Mahakama Kuu kuomba kampuni ifilisiwe. Kama deni lenyewe mnalikataa, mwone wakili kesho asubuhi, maana nafasi ya kulipinga ni fupi zaidi ya hizo siku 20. Kama ni deni la kweli, na kwa maelezo yako ni la kweli, zitumieni siku hizo kuanza ufilisi wenyewe kabla hamjaburutwa.

Kuhusu kufutwa na msajili. Ni kweli ofisi ya usajili, URSB, ina mamlaka ya kuondoa daftarini kampuni iliyolala. Njia hiyo imewekwa kwa kampuni isiyo na mali, isiyo na deni, isiyofanya kazi yoyote. Ninyi mna wadai wanaowafahamu kwa majina na wanapajua mnapokaa. Hata kama jina lingefutwa, Sheria ya Makampuni inasema wazi kwamba dhima ya kila mkurugenzi na kila mwanahisa inaendelea kana kwamba kampuni haikufutwa, na mdai anaweza kuomba irudishwe daftarini ili aidai. Wakati huo wote URA, mamlaka ya mapato, inaendelea kuwahesabia riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa kodi isiyolipwa, na ukimya wenu unasomwa kama dalili ya kuficha jambo. Mahakama Kuu ina uwezo wa kulitoboa pazia la kampuni na kuwafikia wenyewe walio nyuma yake pale panapokuwa na udanganyifu au ukwepaji wa kodi. Kufunga mlango usiku na kufungua kampuni nyingine kwa malori yale yale ni kumpa hakimu sababu ya kulifanya hilo.

Sasa sikia jambo linalowaponza wafanyabiashara waaminifu kuliko wengine wote. Sote tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa. Kampuni ikiwa hai, ndivyo. Ikishazama, kumlipa mmoja ni kuchukua kilichobaki kwa ajili ya wote na kumpa yule anayepiga simu kwa ukali zaidi, au yule mnayekula naye sikukuu. Kwa hiyo kuanzia leo usimlipe mdai wa zamani hata mmoja. Usipokee malipo ya awali kwa mzigo ambao hujui kama utausafirisha. Usikope tena kwa jina la kampuni. Usiandike hundi ya tarehe ya mbele ili kumtuliza mtu, kwa maana hundi ikirudi kwa kukosa pesa, na uliisaini ukijua akaunti ni tupu, jambo linatoka kwenye madai na kuingia kwenye Kanuni ya Adhabu, yaani jinai, na aliyesaini ni wewe. Pesa za wateja zinazoingia ziache benki, isipokuwa kama akaunti iko kwenye benki hiyo hiyo inayowadai. Hapo muulize mtaalamu wa ufilisi mapema, kwa sababu benki inaweza kuzikata kufidia mkopo wake.

Turudi kwenye lori. Mfilisi, yaani anayekabidhiwa mali ya kampuni aiuze na kuwagawia wadai, akiingia ana mamlaka ya kutazama nyuma: alichopewa nani, lini, na kampuni ilikuwa katika hali gani. Malipo au uhamishaji uliofanyika katika mwaka uliotangulia ufilisi, wakati kampuni haiwezi kulipa madeni, na ukampa mdai mmoja zaidi ya ambavyo angepata katika mgawo, unaweza kutenguliwa. Mtu wa ndani kama mkurugenzi au ndugu yake huangaliwa kwa jicho kali zaidi. Shemeji yako ni mkurugenzi, amejilipa mwezi uliopita, tena kwa lori ambalo kwa kadirio lako mwenyewe lina thamani ya milioni 60 dhidi ya deni la milioni 40. Sidhani kuna mfilisi atakayeliacha hilo.

Najua si rahisi kumwambia shemeji alirudishe. Mwonyeshe hesabu. Nimechukua takwimu ulizoambatanisha, nikaacha riba ili tuone vizuri.

Kampuni ina malori matatu. Lile la benki, tuseme linauzwa milioni 60. Benki ina dhamana juu yake, kwa hiyo pesa hiyo ni yake moja kwa moja. Katika deni la milioni 95 zinabaki milioni 35, nayo kwa kiasi hicho inapanga foleni na wadai wengine wasio na dhamana. Malori mawili yaliyobaki, likiwemo lililohamishwa, yana thamani ya milioni 120. Foklifti milioni 25. Wateja wanaodaiwa na kampuni, wale wa kulipa kweli, milioni 30. Jumla milioni 175. Toa gharama na ujira wa mfilisi, nimeweka milioni 25, kwa kuwa hizo hulipwa mwanzo. Toa mishahara ya wafanyakazi milioni 18. Toa kodi mliyowakata wafanyakazi pamoja na NSSF, milioni 22. Zinabaki milioni 110.

Foleni ya wasio na dhamana ni hii: benki 35, mafuta na gereji 130, pango la ghala 40, wateja waliolipia safari ambazo hazikufanyika 30, shemeji 40. Jumla milioni 275. Kila mmoja anapata shilingi 40 kwa kila shilingi 100 anazodai. Benki inapata milioni 14, inabaki ikidai 21. Hizo 21 ndizo zitakazoifuata nyumba yako.

Sasa liache lile lori kwa shemeji. Mfuko unapungua kwa milioni 60, zinabaki 50. Yeye anatoka kwenye foleni, wanabaki wenye milioni 235. Mgawo unashuka hadi shilingi 21 hivi kwa kila 100. Benki inapata kama milioni 7 na nusu, na nyumba yako inabeba karibu milioni 28. Kwa maneno mengine, karibu milioni 7 za lile lori zinatoka kwako wewe, na nyingine zinatoka kwa mwenye gereji na kwa wale waliolipia safari. Yeye mwenyewe, akirudisha lori, anasimama kama mdai halali na kupata milioni 16 bila kesi. Akilishikilia, atakutana na mfilisi mahakamani na pengine kulipa gharama juu yake.

Nyumba ya Tororo ni jambo linalohitaji maneno ya wazi. Kampuni yenye dhima ya kikomo inakulinda dhidi ya madeni ya kampuni. Haikulindi dhidi ya ahadi uliyoitoa kwa mkono wako. Ulipoweka hati ya nyumba na kusaini dhamana ya binafsi, uliingia mkataba wako mwenyewe na benki, na ufilisi wa kampuni hauufuti. Zaidi ya hapo, mikataba mingi ya dhamana inairuhusu benki kuanza na nyumba bila kungoja mgawo wa mfilisi. Kwa hiyo usingoje wakufuate. Nenda ukaonane na afisa wa mikopo, umwonyeshe hesabu hii, umwombe kwa maandishi kwamba wauze lori kwanza, wangoje mgawo, na baki ulipe wewe kwa awamu. Benki nyingi zinapenda awamu zinazolipwa kuliko mnada wa nyumba ya mjini Tororo unaoweza kukwama kortini.

Ikishindikana, ujue hatua zilivyo. Chini ya Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, benki inakupa notisi ya kurekebisha kasoro, siku 45 za kazi. Zikiisha, notisi ya kuuza, siku 21 za kazi. Ukitaka kuuzuia mnada kortini, kanuni za mwaka 2012 zinaruhusu uamriwe kuweka asilimia 30 ya thamani ya mali au ya deni. Kama hiyo ndiyo nyumba mnayoishi na mumeo, chomoa nakala ya mkataba uone kama mumeo alisaini ridhaa yake. Bila ridhaa ya mwenzi rehani ya nyumba ya familia ina kasoro kubwa, na wakili wako anapaswa kulijua hilo mapema.

Utaratibu wenyewe sasa. Kuna ufilisi wa hiari wa wanahisa, ambao unawahitaji wakurugenzi waape kwamba kampuni italipa madeni yote ndani ya miezi 12. Ninyi hamwezi kuapa hivyo, na kiapo cha uongo hapo ni kosa. Njia yenu ni ufilisi wa hiari wa wadai. Unahitaji azimio maalumu la wanahisa, yaani robo tatu ya kura, kwa notisi ya siku 21. Hesabu hisa zako: 60 hazifiki 75. Bila shemeji azimio halipiti. Ndiyo maana nimesema zungumza naye kwa hesabu kabla ya kumwandikia barua ya wakili. Akigoma kabisa, wewe kama mkurugenzi unaweza kwenda Mahakama Kuu, au kituo cha mafuta kitawapeleka huko chenyewe. Matokeo yanafanana, ila kortini ni ghali na polepole, na gharama za mleta ombi zinalipwa mwanzo kutoka kwenye mali ileile.

Azimio likipita linatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali na kwenye gazeti linalosomwa na wengi, na wadai wanaitwa mkutanoni. Mkimpendekeza mfilisi mmoja na wadai wakampendekeza mwingine, wa wadai ndiye anayeshika kazi. Usiumie kwa hilo, pesa iliyobaki ni yao. Mfilisi lazima awe mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, ambaye ofisi yake iko URSB, Kololo, Kampala. Ni mwanasheria, mhasibu au katibu wa makampuni aliye mwanachama wa chama cha taaluma yake. Omba kuona usajili wake wa mwaka huu. Mhasibu wenu wa siku zote hafai, hata kama ni mwema, kwa kuwa alikuwa upande wenu. Tangu mfilisi anapoteuliwa, mamlaka yenu kama wakurugenzi yanakoma, na mdai asiye na dhamana hawezi tena kuja na dalali kubeba viti. Anajaza fomu ya madai kama wenzake.

Mtakachotakiwa kukileta mkutanoni ni taarifa ya hali ya kampuni. Watu huiogopa bure. Anza leo kwa daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto mali: namba ya usajili ya kila lori, liko wapi usiku huu, nani ana ufunguo, lina bima hadi lini. Ukurasa wa kulia madeni: jina la mdai, kiasi, tarehe ya ankara ya mwisho, ana dhamana au hana. Usimsahau fundi matairi wa barabarani anayewadai laki sita kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Huyo ni mdai kama benki ilivyo, na akiachwa nje ya orodha ndiye atakayesimama mkutanoni kuuliza mmeficha nini kingine. Risiti, vitabu vya hundi, simu ya ofisi yenye ujumbe wa wateja, kompyuta, vyote vifungiwe mahali pamoja. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka mitano.

Kuna jambo hukuuliza, nami nalileta kwa sababu una ghala. Magunia na katoni za wateja mlizozihifadhi si mali ya kampuni, wala mfilisi hawezi kuziuza kana kwamba ni zenu. Kampuni inaweza kuwa na haki ya kuzuia mzigo hadi ada ya kuhifadhi ilipwe, hilo litaamuliwa na mfilisi. Kazi yako ni kuhakikisha kila rundo lina kibandiko chenye jina la mwenyewe na tarehe ya kuingia kabla mlango haujafungwa. Nimeona migogoro ya ufilisi ikichukua miaka kwa sababu tu hakuna aliyeweza kusema mchele ule ni wa nani.

Wafanyakazi wako tisa wana haki ya kusikia kutoka kwako kabla hawajasoma gazetini. Mishahara yao ya miezi mitatu inatangulia wadai wa kawaida, na fidia ya aliyeumia kazini nayo imo. Kila mmoja mpe karatasi yenye kiasi anachodai, siku za likizo ambazo hakuzichukua na tarehe aliyoanza kazi, kwa maana notisi chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inategemea miaka: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano, miwili kwa mitano hadi kumi, mitatu kwa zaidi ya hapo. Wangekuwa kumi au zaidi mngelazimika pia kumwarifu Kamishna wa Kazi.

Na ile asilimia 5 mliyowakata kwa ajili ya NSSF haikuwa pesa yenu hata siku moja. Kampuni inatakiwa kuongeza asilimia 10 yake na kupeleka yote ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Hali ni hiyo hiyo kwa kodi ya mishahara. Andaa orodha ya kila mfanyakazi na kila mwezi uliokosekana, ili mfilisi aipate ikiwa tayari. Yeye ana wajibu wa kuiarifu URA kwa maandishi ndani ya siku 14 za uteuzi wake, nao watamwambia kiasi cha kutenga. Ulizia pia kama kuna msamaha wa riba na adhabu kwa anayelipa kodi ya msingi. Bunge limeutoa zaidi ya mara moja miaka ya karibuni, na huwa na tarehe ya mwisho.

Labda utaniuliza kama kampuni inaweza kuokolewa. Sheria hiyohiyo ya Ufilisi ina njia ya usimamizi, ambapo wadai wanazuiwa kwa muda huku mtaalamu akitafuta mpango wa kulipa. Uganda Telecom iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2017, na kazi ile ilichukua miaka. Njia hiyo inafaa panapokuwa na biashara inayoingiza pesa chini ya mzigo wa madeni. Kwenu mteja aliyelipa sehemu kubwa ya mafuta ameondoka na hamna wa kushika nafasi yake. Kwa maoni yangu mngelipa ujira wa msimamizi na kufika palepale.

Mwisho, kampuni mpya. Kufilisika kwa kampuni peke yake hakukuzuii kuwa mkurugenzi tena. Mahakama humzuia mtu pale inapoona udanganyifu au uendeshaji usiofaa, na ndiyo maana kila nilichokuandikia juu kina uzito kwa kesho yako. Kama unaitaka ile foklifti kwa kazi yako mpya, subiri mfilisi aithaminishe, mwandikie ofa yako, ulipe kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni iliyo katika ufilisi, na upewe risiti. Wadai wakijua kwamba uliinunua kwa bei ya haki na mbele yao, hawana neno. Mimi ningeanza na simu kwa shemeji leo jioni, na daftari kesho asubuhi.